Magadi, maji ya kisima na samaki wa maziwa mawili katika tangi moja

*“Ninaishi Dar es Salaam. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 45. Ndani yake kuna Tropheus sita, mbuna wanane wa njano na wa bluu, frontosa wawili wadogo na oskari mmoja niliyepewa na jirani. Natumia maji ya kisima kirefu cha nyumbani, nayo yana chumvichumvi. Nilipoyapima yalikuwa na pH 7.4. Rafiki yangu akaniambia samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka pH 9, hivyo Jumamosi nilitoa nusu ya maji, nikaosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba mpaka ikawa nyeupe, kisha nikatia magadi mpaka kipimo kikasoma 9. Jumapili niliwalisha nyama ya kusaga kama kawaida. Jumatatu asubuhi nikakuta Tropheus wawili na mbuna mmoja wamekufa, na wengine wako juu wanahema. Kipimo cha amonia kinaonyesha miligramu 1 kwa lita, na muuzaji anasema hicho ni kiasi kidogo. Je, niongeze magadi, au maji yangu hayafai kabisa kufugia samaki hawa?”*

Pole kwa hasara hiyo. Kwa wasiowajua samaki hawa: Tropheus na frontosa wametoka Ziwa Tanganyika, mbuna Ziwa Nyasa, na oskari Amazon. Usiongeze magadi. Maji yako yanafaa, tena kwa baadhi ya samaki ulio nao yanafaa kuliko maji ya bomba ya miji mingi. Samaki wako hawakufa kwa sababu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (inavyopanda, asidi hupungua), ilikuwa 7.4. Walikufa kwa sababu ya mambo mawili uliyoyafanya siku moja, na kila moja peke yake huenda wangelistahimili.

Nianze na la haraka, maana wanaohema hawawezi kusubiri maelezo yangu marefu. Jaza pipa safi maji ya kisima, uyapige hewa kwa pampu kwa saa tatu au nne, kisha toa theluthi moja ya maji ya tangi na uweke hayo polepole, kwa mrija mwembamba na si kwa ndoo. Rudia kesho, na kesho kutwa, hadi kipimo cha amonia kisome sifuri. Weka jiwe la pampu ya hewa ndani ya tangi na uinue mdomo wa chujio ili uso wa maji ucheze. Usiwalishe chochote kwa siku tatu. Samaki wazima hawafi njaa kwa siku tatu, lakini kila punje ya chakula unayotia sasa itageuka kuwa amonia ifikapo jioni. Ukiwa na rafiki ambaye tangi lake ni la siku nyingi na samaki wake hawana ugonjwa, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake, ukibebe kikiwa ndani ya maji ya tangi lake, ukiweke ndani ya chujio lako leo hii.

Sasa nieleze kilichotokea.

Samaki hutoa uchafu wake mwingi wa nitrojeni kupitia matamvua, na uchafu huo ni amonia. Katika tangi lililokomaa, amonia hiyo huliwa na bakteria wanaoishi hasa ndani ya chujio: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haijarundikana. Kujenga makundi hayo kutoka mwanzo huchukua kati ya wiki nne na sita. Ule uteute wa kahawia uliouona kwenye sponji ndiyo makazi yao. Maji ya bomba hutiwa klorini kwa kusudi la kuua bakteria, na klorini haichagui bakteria wa kipindupindu na kuacha wa chujio. Kwa hiyo sponji yako ilipokuwa nyeupe, tangi lako lilirudi kuwa tangi jipya, ila likiwa tayari na samaki kumi na saba na nyama ya kusaga juu yake. Siku nyingine sponji ikamuliwe mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, irudishwe ikiwa bado chafu, na asikucheke mtu.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo lililowamaliza.

Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili zinazobadilishana kila wakati. Sura moja imebeba chaji ya umeme na haipenyi kirahisi kwenye matamvua. Hiyo tuiite amoniamu, nayo ina madhara madogo. Nyingine haina chaji, hupenya moja kwa moja hadi kwenye damu, na ndiyo sumu. Kinachoamua kila sura ipate fungu gani ni pH, kisha joto. Katika nyuzijoto 25, maji ya pH 7.4 huwa na takriban asilimia 1.4 tu ya amonia yote katika sura ya sumu. Yakifika pH 8 sehemu hiyo ni kama asilimia 5, pH 8.5 ni kama 15, na pH 9 ni kama asilimia 36. Maji yakiwa ya moto zaidi, kama yalivyo Dar es Salaam miezi mingi ya mwaka, sehemu hizo hupanda tena.

Chukua sasa miligramu 1 ya muuzaji wako. Kipimo cha kawaida husoma jumla ya sura zote mbili. Kwenye pH 7.4 jumla hiyo ingekuwa na sumu ya miligramu 0.014 kwa lita, kiasi ambacho samaki wako wangekistahimili huku wewe ukibadilisha maji. Kwenye pH 9, jumla ileile ina sumu ya miligramu 0.36, na matamvua huanza kuungua kwa kiasi kilicho chini sana ya hapo. Muuzaji alisoma rangi sawasawa, lakini hakuuliza pH. Kupanda kutoka 7.4 hadi 9 kunasikika kama hatua moja na nusu, lakini kipimo cha pH hakiendi kama rula: asidi ya maji imepungua mara arobaini.

Utaniuliza, basi mbona Ziwa Tanganyika lenyewe lina pH inayokaribia 9 na Tropheus wamenawiri humo? Ni kwa sababu ziwani, karibu na mawe wanapoishi, amonia haifiki hata kiasi cha kupimika kwa vifaa vyetu vya nyumbani. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 na urefu wa kilomita zipatazo 670. Uchafu wa samaki mmoja humo si kitu. Tangi lako lina lita 216 ukilijaza hadi ukingoni, na ukitoa mawe na mchanga zimebaki labda 180.

Kuna samaki mmoja wa ukoo wa sikilidi, ukoo wa samaki wako wote, anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, kwenye chemchemi za moto zenye pH ya karibu 10, anaishi perege mdogo aitwaye Alcolapia grahami. Katika maji ya namna ile amonia haiwezi kutoka kwenye matamvua kama inavyotoka kwa samaki wengine, kwa hiyo mwili wake huigeuza kuwa urea kabla ya kuitoa, kama sisi binadamu tunavyofanya. Yeye ameumbiwa magadi. Tropheus wako hakuumbiwa hayo, na ukimtilia magadi kwenye maji yenye amonia unamfungia mlango wa kutolea uchafu na papo hapo unamfungulia sumu dirisha la kuingilia.

Kuhusu magadi yenyewe: yale ya sokoni ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja na udongo, na mara nyingi yana floridi nyingi. Hupandisha pH kwa kasi, na huwezi kujua kijiko cha leo kina nguvu sawa na cha jana. Ukitaka kuongeza uwezo wa maji kushikilia pH yake, tumia bikaboneti ya sodiamu safi, ile soda ya kuokea inayouzwa dukani, si hamira na si baking powder. Gramu 6 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai, katika lita 50 huongeza ugumu wa kaboneti kwa takriban digrii 4 za Kijerumani (kizio cha ugumu wa maji), na hata ukizidisha kidogo pH itakwamia karibu na 8.3. Itie kwenye pipa la maji mapya, isije ikatiwa ndani ya tangi lenye samaki.

Huo ugumu wa kaboneti ndio ningependa uupime kabla ya kuutazama tena mstari wa pH. Ni akiba ya maji dhidi ya asidi. Bakteria wa chujio wanapoigeuza amonia huila akiba hiyo siku baada ya siku, na ikiisha pH huporomoka usiku mmoja bila kukubishia hodi. Ziwa Tanganyika lina digrii kama 16 hadi 18, kwa sehemu kutokana na maji ya mto Rusizi yanayoleta madini ya volkano kutoka Ziwa Kivu. Ziwa Nyasa, walikotoka mbuna wako, lina kama 6 hadi 8 tu, na pH yake hucheza kati ya 7.7 na 8.6. Unaona kwamba hata hao tunaowaita “samaki wa maziwa yetu” hawakunywa maji mamoja.

Na chumvichumvi ya kisima chako? Wengi huchanganya maji ya chumvi na maji magumu. Ladha ya chumvi hutokana hasa na kloridi ya sodiamu, ambayo kwenye visima vingi vya pwani hutoka baharini. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu. Jaribu hivi: nawa mikono kwa sabuni ya mche na maji hayo. Sabuni ikikataa kutoa povu na kuacha utando kama maziwa yaliyoganda, na birika lako likiwa na ukoko mweupe ndani, maji ni magumu pia, nayo ni habari njema kwa sikilidi wa maziwa makuu. Chumvi kidogo ina faida moja ambayo huenda inakulinda wiki hii bila wewe kujua: kloridi hushindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua, hivyo nitriti itakapopanda baada ya amonia kushuka, kama inavyofanya kila mara chujio linapoanza upya, samaki wako watapata nafuu kuliko wale wa maji matamu. Hata hivyo ipime nitriti kila siku, kwa sababu hugeuza damu kuwa ya kahawia isiyobeba hewa, na samaki huhema kana kwamba pampu imezimwa.

Maji ya kisima kirefu yana jambo jingine. Yanapotoka chini huwa na hewa ya kaboni nyingi na oksijeni kidogo, na kaboni hiyo huishusha pH kwa muda. Ikiwa ulipima 7.4 papo hapo bombani, chota ndoo moja, ipige hewa usiku kucha, upime tena asubuhi. Sitashangaa ikisoma karibu na 8, na ikiwa hivyo mbuna wako hawahitaji kuongezewa kitu chochote.

Nimemaliza habari za kemia. Sasa nizungumzie walioko ndani ya tangi, na hapa nitasema wazi: hata maji yangekuwa kamili, mchanganyiko huu usingedumu mwaka.

Sikilidi ni ukoo mmoja na sato, perege, furu wa Ziwa Victoria na kuhe wa Kigoma, lakini ukoo haufanyi watu wale sahani moja. Ukizama kwenye maji ya kina kifupi kando ya Kigoma, palipo na mawe na jua, utaona Tropheus wakilamba mawe mchana kutwa, kichwa chini, mdomo umebanwa kwenye jiwe, wakikwangua mwani. Utumbo wao ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umejikunja kama kamba ndani ya ndoo, kwa ajili ya chakula hicho cha majani. Nyama ya kusaga, yenye mafuta ya ng’ombe yanayoganda ndani ya mwili wa samaki, hukaa humo na kuoza. Tumbo huvimba, samaki huacha kula, kinyesi huwa cheupe kama uzi, na mara nyingi hafiki wiki. Mbuna wengi nao ni wakwanguaji wa mawe. Jina lao lenyewe limetoka kwa Watonga wa Malawi, likimaanisha samaki wa mawe. Yule wa njano, Labidochromis caeruleus, anakula wadudu zaidi na ana tumbo jepesi kuridhika. Frontosa, kwa upande wake, ni mwindaji mzito wa majini kwenye kina, anayewavamia samaki wadogo gizani wakiwa wamelala, naye hupita sentimita 30. Oskari ametoka Amazon, kwenye maji laini yenye asidi. Anavumilia maji mengi, lakini hukua haraka hadi saizi ya sahani, huchafua maji kuliko wenzake wote pamoja, na kila kinachoingia mdomoni mwake ni chakula.

Kwa hiyo ukiwapa chakula cha oskari, Tropheus hufa kwa tumbo. Ukiwapa cha Tropheus, oskari atawatazama mbuna wadogo kwa jicho jingine.

Halafu kuna vita. Tropheus sita ni idadi mbaya kuliko zote. Wakiwa kumi na tano au ishirini, ubabe wa mkubwa hugawanywa na hakuna anayekong’otwa peke yake. Wakiwa sita, mmoja huchaguliwa kuwa wa kupigwa, akifa anachaguliwa wa pili. Ndiyo maana siwezi kukuhakikishia kwamba wale wawili waliuawa na amonia peke yake. Ikiwa mapezi yao yalikuwa yamechanika, sumu iliwakuta wamekwisha choka.

Njia zilizo mbele yako ni chache, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza, ambayo ndiyo ningeichukua mimi, ni kulifanya tangi hili la mbuna tupu: ubaki na saba hao, uongeze polepole baada ya chujio kukomaa, upange mawe kutoka chini hadi karibu na juu, na maji ya kisima yatakutosha. Utakosa fahari ya kusema una samaki wa Tanganyika. Ya pili ni kulifanya la Tropheus peke yao, kundi kubwa la aina moja, kwa chakula cha mwani na mchicha uliochovywa maji ya moto. Ni tangi zuri mno, lakini halisamehe uzembe, na kwa mtu aliyeosha sponji ikawa nyeupe wiki iliyopita nisingelipendekeza mwaka huu. Ya tatu, ikiwa moyo wako uko Tanganyika, ni tangi dogo la pembeni la Neolamprologus multifasciatus, samaki wa sentimita nne tano wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Makombe matupu ya konokono wa nchi kavu wa ukubwa huo yanawafaa, na familia nzima hukaa katika lita 60. Frontosa na oskari wanahitaji nyumba nyingine kwa vyovyote. Watafutie mwenye tangi la lita 500 au zaidi, kila mmoja kwa wake. Ukishindwa, warudishe kwa muuzaji hata bure, lakini usimwachie oskari kwenye mto wala bwawa; sisi tuliomwona sangara akiwamaliza furu hatuhitaji mhadhara juu ya samaki wageni.

Nigusie kukatika kwa umeme, kwa kuwa najua unakoishi. Maji ya nyuzijoto 30 hushika oksijeni kama miligramu 7.6 tu kwa lita, wakati yale ya 25 hushika 8.3, na chujio lililosimama saa kadhaa huanza kuua bakteria wake kwa kukosa hewa. Pampu ndogo ya betri ni ya bei nafuu kuliko Tropheus mmoja. Chujio likiwa limezimika usiku mzima, usiliwashe moja kwa moja asubuhi. Mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayafiki. Ikiwa amonia na nitriti zimesoma sifuri kwa wiki moja na bado samaki wanahema, wana vidonda, macho yametoka au matumbo yamevimba, hiyo ni kazi ya mtu wa kumtazama samaki mwenyewe: daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki, au afisa uvuvi wa wilaya atakayekuelekeza kwake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha tiba ya wanyama, nako unaweza kuuliza. Usinunue dawa za kuua bakteria kwa kubahatisha, maana nyingi huua na hao wa chujio unaowalea sasa. Mwache samaki aliyekufa ndani ya mfuko wenye barafu, asigandishwe, ufike naye siku hiyohiyo.

Maji ya kisima nayo yapeleke maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, uombe yapimwe ugumu, kloridi, floridi na nitrati. Nitrati naiomba kwa ajili ya nyumba yako kuliko samaki: visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo huwa nayo, na ikizidi miligramu 50 kwa lita maji hayo hayafai kuchanganyia maziwa ya mtoto mchanga. Waulize kwanza maabara kama wana chupa zao. Kama hawana, tumia chupa mpya ya maji ya kunywa, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, uijaze pomoni pasibaki hata tone la hewa chini ya kifuniko, kwa sababu hewa ikibaki kaboni hutoka njiani na pH watakayoisoma haitakuwa ya kisima chako.